Bustani Yenye Lango

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 1:26–2:3, Hesabu 8:23–26, Yeremia 29:1–10, Luka 12:13–21, 1 Wafalme 21:1–19, Zekaria 3:10, 8:4, 5.

Fungu la Kukariri: Zekaria 3:10.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa miongoni mwa Waadventista wa Sabato wa jimbo la California, Marekani. Ilionekana kwamba wanaume Waadventista walitarajiwa kuishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Tumezoea kuyataja matokeo hayo kwa shukrani tunapofundisha afya. Lakini ni mara chache tunauliza swali linalofuata: miaka hiyo ya nyongeza ni ya nini?

Mwalimu mmoja alistaafu alipotimiza miaka 60, akarudi kwao katika milima ya Upare, wilaya ya Same, Tanzania. Mkewe alikuwa amekwisha kulala mautini. Watoto wake walikuwa mijini, wakimtumia fedha kwa simu na kumwambia, “Baba, pumzika sasa, acha jembe.” Hakuliacha. Nyuma ya nyumba alilima matuta ya mchicha, mnavu, figiri na maharage. Kila asubuhi alimwagilia na kupalilia, na kila alasiri aliketi chini ya mparachichi ulio mpakani, akizungumza na jirani yake, mzee Mwislamu aliyemzidi umri kwa miaka kama saba. Waliongea habari za mvua, za wajukuu, na za watu waliokwisha kufa. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu ujana.

Kisha siku moja, baada ya ibada, kijana wa kanisani akamwuliza kwa nia njema kabisa: “Mwalimu, sasa una muda mwingi. Unamfanyia Bwana nini?” Mwalimu hakupata jibu. Alirudi nyumbani, akaitazama mboga yake, na kwa mara ya kwanza akaona haya kuifurahia.

Juma hili tutalichunguza swali la kijana yule, na pia ile haya ya mwalimu. Je, mzee ana haki ya kufurahia bustani yake na mazungumzo ya jirani yake wakati shamba la Bwana bado lina kazi? Na kama anayo, je, furaha hiyo ina mipaka?

---

JUMAPILI

Pumziko Lililotangulia Kazi

Wengi wetu tunadhani kwamba furaha ni mshahara. Mtu hufanya kazi kwanza, kisha hulipwa mapumziko. Kwa hiyo mzee anapoketi kivulini huanza kupiga hesabu moyoni: Je, nilifanya kazi ya kutosha? Je, kivuli hiki nimekilipia? Na kama hesabu haikukamilika, na ni ya nani iliyokamilika, kivuli humchoma kama jua.

Soma Mwanzo 1:26–2:3. Mwanadamu aliumbwa siku ya ngapi? Siku yake ya kwanza iliyo kamili ilikuwa siku gani?

Mungu alifanya kazi siku sita kisha akapumzika. Lakini Adamu na Hawa hawakuwa na siku sita nyuma yao. Waliumbwa siku ya sita, na siku kamili ya kwanza ambayo macho yao yaliiona ilikuwa Sabato. Hawakuwa wamepanda mche hata mmoja, wala hawakuwa na chochote cha kuonyesha. Walikaribishwa kufurahia bustani ambayo mikono yao haikuipanda. Kwao pumziko lilitangulia kazi, na kazi ya kuilima na kuitunza bustani (Mwanzo 2:15) ilikuja ndani ya furaha ile, si kama bei yake.

Hapa ndipo tunaposhika Sabato kila juma na bado tunasahau inachotufundisha. Kila Sabato tunakiri kwamba thamani yetu haitokani na yale tuliyoyatenda. Basi kwa nini tunapofikia uzee, mikono ikiwa haina nguvu tena, tunajihesabu kuwa hatufai kitu? Aliyepumzika katika Bwana kila siku ya saba kwa miaka hamsini alikuwa akifundishwa namna ya kuzeeka.

Soma pia Hesabu 8:23–26. Walawi walianza utumishi wao wakiwa na umri wa miaka 25, na walipofika miaka 50 waliacha kazi nzito ya hema. Kustaafu huku kuliamriwa na Mungu mwenyewe. Angalia kwamba Mlawi aliyestaafu hakufukuzwa hemani. Aliendelea kuwa pamoja na ndugu zake na kuwasaidia katika ulinzi, lakini mzigo uliwekwa juu ya mabega mengine. Mungu alijua kwamba kuna wakati wa kubeba na kuna wakati wa kuwa pamoja na wanaobeba. Yule ambaye hajui kuuweka mzigo chini, huwazuia pia vijana kuuinua.

Ni mambo gani unayoyafanya ili ujione unastahili kupumzika? Kama Mungu angeyaondoa yote leo, ungebaki na nini?

---

JUMATATU

Barua kwa Wazee

Soma Yeremia 29:1–10. Barua hii iliandikiwa akina nani? Waliagizwa kufanya nini?

Wayahudi waliochukuliwa Babeli walikuwa wakingojea kurudi nyumbani. Nabii wa uongo Hanania alikuwa amewahakikishia watu kwamba miaka miwili tu ingetosha (Yeremia 28:1–4). Kama ni miaka miwili, nani apande mti? Nani ajisumbue kumjua jirani? Mtu anayengojea basi kituoni hachimbi matuta.

Yeremia akaandika barua iliyowashangaza. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Kisha akawaambia muda halisi: miaka sabini. Sasa tazama fungu la kwanza la sura hiyo. Watu wa kwanza wanaotajwa kuwa wapokeaji wa barua ni wazee. Mtu mwenye miaka 60 anapoambiwa kwamba ukombozi utakuja baada ya miaka sabini, anaelewa mara moja kwamba yeye hatauona. Hata hivyo, agizo la kupanda bustani lilimhusu yeye pia, na alipaswa kula matunda yake kama wengine.

Sisi pia tunangojea. Tunaamini kwamba Bwana wetu yu karibu kuja, na imani hiyo ndiyo iliyotupa jina letu. Lakini kungojea kwaweza kutufundisha vibaya kama kulivyowafundisha wale waliomsikiliza Hanania. Mtu aweza kuitazama mbingu mpaka akaudharau udongo ambao Muumba wa mbingu aliushika kwa mkono. Barua ya Yeremia inatuonyesha kwamba mtu aweza kungojea kwa uaminifu huku ameshika jembe. Kupanda mparachichi kwa kokwa, ukijua kwamba utachukua miaka mingi kabla ya kuzaa, si kukana tumaini. Ni kusema kwamba Mungu ni mwema leo pia.

Angalia kwamba barua haikuishia kwenye bustani. Fungu la 7 linawaagiza wautafute usalama wa mji wanamokaa na kuuombea. Mji ule ulikuwa wa watu wa imani nyingine. Mungu aliyataja mambo haya mawili katika barua moja, bustani na majirani, kwa sababu hayatenganishwi kwa urahisi. Anayelima mahali fulani ana majirani wa mahali hapo.

Mwalimu wetu aliligundua jambo hilo kwa njia ya maji. Katika milima ya Upare, tangu zamani watu huchimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito wakati wa usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na mifereji husafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Zamu moja ya mwalimu iliangukia Jumamosi. Kabla hajasema neno, mzee jirani alimwendea. “Mwalimu,” alisema, “wewe Jumamosi hushiki jembe. Chukua Alhamisi yangu, mimi nitachukua Jumamosi yako.” Tangu siku hiyo mboga za mwalimu zilinyweshwa kwa zamu ya Mwislamu, na hakuna mwaka ambao Sabato yake ilisumbuliwa na maji.

Ni nani katika mtaa wako, asiye wa imani yako, ambaye hukusaidia kuishika imani yako? Je, umewahi kumwambia asante?

---

JUMANNE

Mtu Aliyezungumza na Nafsi Yake

Mpaka hapa tumesema kwamba furaha ya mzee ni halali, kwamba ni karama wala si wizi wa muda wa Bwana. Lakini Maandiko yana habari ya mtu mwingine aliyefikia mwisho wa kazi zake, akajiandaa kupumzika, na Mungu akamwita mpumbavu.

Soma Luka 12:13–21. Kosa la tajiri huyu lilikuwa nini hasa?

Hakuiba. Shamba lake lilizaa vizuri, na kuzaa kwa shamba ni baraka. Hakuwa mvivu, maana alipanga kujenga ghala kubwa zaidi. Wala kutaka kupumzika, kula na kufurahi si dhambi, kama tulivyoona Jumapili. Basi kosa liko wapi?

Sikiliza anazungumza na nani. Anawaza moyoni mwake. Anajiuliza yeye mwenyewe afanye nini, na anajijibu yeye mwenyewe. Mavuno ni yake, ghala ni zake, vitu vyema ni vyake. Mwishoni anapotaka mtu wa kumwambia habari njema, anaiambia nafsi yake. Katika mpango wake wote hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna mtumishi, hakuna jirani, na Mungu hayumo. Anapanga karamu ya mtu mmoja.

Mfalme Sulemani aliitembea njia hiyo kabla yake. Katika Mhubiri 2:4–11 anaeleza jinsi alivyojenga nyumba, akapanda mizabibu, akajitengenezea bustani na viunga vyenye miti ya matunda ya kila aina, akachimba na mabirika ya kunyweshea miti hiyo. Hatujui kama Israeli iliwahi kuwa na mkulima wa bustani aliyemzidi kwa mali. Lakini ukizisoma aya hizo polepole utaona kwamba kila kitu alijifanyia yeye mwenyewe. Na mwisho wa habari ni ubatili na kujilisha upepo. Udongo ulikuwa mzuri, maji yalikuwepo, miti ilizaa, na bado mwenye bustani hakuridhika.

Kwa hiyo swali la kijana yule kanisani lilikuwa na kweli ndani yake, ingawa hakuliuliza vizuri. Hakuna haja ya kumwuliza mzee kama anafanya kazi ya kutosha. Lakini ni vema kila mmoja wetu ajiulize: katika furaha yangu, kuna jina la nani mwingine? Mtu aweza kuwa na shughuli nyingi za kanisa na bado akawa anazungumza na nafsi yake. Na mtu aweza kuketi chini ya mti bila shughuli yoyote, huku furaha yake ikiwa na nafasi kwa wengine.

Yafikirie mambo matatu yanayokufurahisha zaidi katika umri ulio nao. Ni nani anayeyafurahia pamoja nawe? Kama hakuna, unaweza kumkaribisha nani juma hili?

---

JUMATANO

Bustani ya Ahabu

Soma 1 Wafalme 21:1–19. Ahabu alilitaka shamba la Nabothi kwa matumizi gani?

Tunapomkumbuka Ahabu tunafikiri habari za Baali, Yezebeli na damu. Ni rahisi kusahau kwamba maovu ya sura hii yalianza na tamaa ndogo, ambayo wengi wetu tungeiona haina lawama. Mfalme hakuwa akitafuta dhahabu. Alitaka mboga. Shamba la mizabibu la Nabothi lilikuwa karibu na nyumba yake, naye aliona lingefaa kuwa bustani. Hata bei alitoa. Lakini kwa Nabothi shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, naye hakuweza kuliuza. Ahabu akalala kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Siku chache baadaye jirani yake alikuwa amepigwa mawe.

Maandiko hayasemi kwamba kupenda bustani ni uovu. Yanasema kwamba kitu chema, kikipendwa kuliko jirani, humla jirani.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu, na mvua za vuli zilichelewa. Maji ya ndiva yakapungua. Mwalimu alikuwa na kitalu cha mnavu alichokitunza kama mtoto, akikifunika kwa majani makavu ya mgomba ili unyevu usipotee. Majani yakaanza kunyauka. Zamu yake ilikuwa kesho yake. Jumatatu ile ilikuwa zamu ya mzee jirani, na mwalimu alijua kwamba mwenzake hutoka alfajiri kwenda msikitini kabla ya kwenda shambani.

Maji yalipofunguliwa, mwalimu alikuwa mferejini. Aliuziba mfereji wa jirani kwa tope na kipande cha mgomba, akayageuzia maji kwake. “Nusu saa tu,” alijiambia. Mnavu ulikunywa. Kabla mzee hajarudi kutoka kuswali, mfereji ulikuwa umefunguliwa tena na tope limesambazwa, kana kwamba hakuna mkono uliopita. Lakini juma lile tuta la mwisho la maharage ya mzee, ambalo hufikiwa na maji baada ya matuta mengine yote, lilikauka.

Alasiri hiyo mwalimu hakwenda chini ya mparachichi. Alijisemea kwamba ana kichwa. Siku iliyofuata alisema magoti. Alisema kweli kuhusu magoti, lakini hayakuwa ndiyo sababu. Alikuwa amekula mnavu ule, nao haukuwa na ladha.

Tunahitaji kulitazama jambo hili bila kulipunguza. Yalikuwa maji ya nusu saa. Hakuna aliyepigwa mawe. Mzee wa kanisa asingelipeleka barazani. Lakini ilikuwa dhambi ileile kwa kipimo chake: aliitumia saa ya sala ya mtu aliyeilinda Sabato yake. Na ona adhabu ilivyoingia bila hakimu. Aliiba maji ili aiokoe furaha yake, na kwa tendo hilo akaipoteza, kwa sababu nusu ya furaha ile ilikuwa imeketi upande wa pili wa mpaka.

Wakati mwingine tunafikiri kwamba uzee unatuondolea majaribu. Kweli, baadhi hudhoofika pamoja na mwili. Lakini mzee ana mambo machache yaliyobaki, na kile kidogo kilichobaki kinaweza kushikwa kwa nguvu za kutisha: kiti chake, redio yake, mpaka wake, zamu yake ya maji.

Ni kitu gani chema maishani mwako ambacho umekuwa ukikilinda kwa gharama ya mtu mwingine? Mungu anakuita ufanye nini kabla jua halijachwa?

---

ALHAMISI

Chini ya Mparachichi

Ijumaa ya juma lile, jua likikaribia kutua, mwalimu alikuwa amekwisha kuoga na kuandaa mavazi ya Sabato. Alipofungua Biblia kwa ibada ya kufungua Sabato, alikumbuka maneno ya Yesu juu ya mtu aletaye sadaka yake madhabahuni, akakumbuka huko kwamba ndugu yake ana neno juu yake (Mathayo 5:23, 24). Akaifunga Biblia, akapita mpakani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Magoti yamepona?”

Mwalimu akasema yote: alfajiri, tope, kipande cha mgomba, nusu saa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Nilijua siku ileile. Tope la mfereji lilikuwa bichi. Nilikuwa nangoja uje.” Alinyamaza kidogo, akaongeza, “Maharage hupandwa tena. Kiti chako kilikaa kitupu siku nne. Hilo ndilo lililoniuma.”

Soma Zekaria 3:10. Linganisha na Mika 4:4. Zekaria anaongeza nini?

Mika anaeleza amani kama kila mtu kuketi chini ya mzabibu wake na mtini wake bila hofu. Ni picha nzuri. Lakini Zekaria anasema kwamba siku ile watu watamwalika kila mtu jirani yake chini ya mzabibu na mtini. Na angalia ni siku gani. Fungu linalotangulia linazungumza juu ya siku ambayo Bwana atauondoa uovu wa nchi. Msamaha unakuja kwanza, kisha watu wanaalikana kivulini. Katika maono ya nabii, dhambi iliyoondolewa huonekana mahali pa kawaida kabisa: watu wawili wameketi chini ya mti, na hakuna anayemkwepa mwenzake.

Kuna jambo lingine la kusema hapa kwa uangalifu. Baadhi yetu tumefundishwa kumwona kila jirani kama mtu wa kuongolewa, nasi huhesabu urafiki usiozaa ubatizo kuwa muda uliopotea. Ni kweli kwamba tunapaswa kuwa tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu (1 Petro 3:15). Lakini Petro anazungumza juu ya mtu anayeuliza, na watu huwauliza wale wanaowaamini. Jirani akigundua kwamba mazungumzo yetu yote yalikuwa chambo, ana haki ya kuondoka. Yesu aliketi mezani na watu kwa sababu aliwapenda. Mwalimu wetu hakuwahi kumbatiza mzee yule. Lakini siku ile mzee aliona jambo ambalo mahubiri mengi hayajamwonyesha: mtu wa Sabato akiungama dhambi kabla ya Sabato kuingia.

Tena, kujifunza kupokea ni sehemu ya uzee. Yesu alimwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee mwingine atamfunga mshipi (Yohana 21:18). Kwa mtu aliyezoea kutoa, hilo ni gumu kuliko kazi. Barzilai alipokuwa na miaka 80 aliweza kumweleza mfalme bila aibu kwamba ladha ya chakula imemtoka na masikio hayasikii tena waimbaji, akaomba arudi mjini kwake (2 Samweli 19:31–37). Miaka ilipozidi, magoti ya mwalimu yalishindwa kabisa kuinama, na aliyemjazia udongo kwenye magunia ili apande mboga akiwa amesimama alikuwa mjukuu wa mzee jirani. Mithali 27:10 inatukumbusha kwamba jirani aliye karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali. Watoto wa mwalimu walimpenda, lakini simu haiwezi kujaza gunia udongo.

Je, ni vigumu zaidi kwako kutoa au kupokea? Jibu lako linaonyesha nini juu ya moyo wako?

---

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mwaka 1900, akikaribia kutimiza miaka 73, Ellen G. White alirudi Marekani kutoka Australia, akanunua nyumba karibu na St. Helena, California, iliyoitwa Elmshaven. Huko Australia, nyumbani kwake Sunnyside katika Cooranbong, alikuwa amesimamia upandaji wa miti ya matunda. Elmshaven nayo ilikuwa na bustani ya matunda. Hapo aliishi, akaandika, na kukaribisha wageni mpaka alipofariki mwaka 1915 akiwa na miaka 87. Hakuna anayeweza kusema kwamba hakungojea kuja kwa Bwana. Na hakuna anayeweza kusema kwamba kungojea huko kulimfanya auchukie udongo.

Soma Zekaria 8:4, 5. Mungu anapotaka kuwaonyesha watu wake jinsi Yerusalemu utakavyokuwa baada ya kurejeshwa, haanzi na hekalu wala jeshi. Anaonyesha wazee wanaume kwa wanawake wameketi katika njia za mji, kila mmoja na fimbo yake mkononi kwa sababu ya wingi wa siku, na watoto wakicheza mbele yao. Wazee hao hawafanyi kazi yoyote. Wameketi tu. Na Bwana wa majeshi anawataja kama uthibitisho kwamba ahadi yake imetimia.

Basi tunaweza kumjibu kijana yule. Unamfanyia Bwana nini, Mwalimu? Ninafurahia alichonipa, na ninaacha lango wazi. Yaelekea jibu hilo lingemshangaza. Lakini kijana naye ataufikia uzee, Bwana akikawia, na siku hiyo atahitaji kuwa amemwona mtu mmoja aliyezeeka bila kujificha na bila kuona haya.

Isaya 65:21, 22 inatuahidi kwamba katika nchi mpya watu watapanda na kula matunda yake wenyewe. Hatutaketi tu. Tutakuwa na bustani, na bila shaka tutakuwa na majirani. Wale watakaozifurahia bustani hizo ni watu ambao Mungu amewafundisha hapa, kwa matuta machache na kiti kimoja cha ziada, jinsi ya kuwa na kitu kizuri bila kumnyang’anya mwingine.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa lenu, wazee wanaheshimiwa kwa yale waliyoyafanya zamani, kwa yale wanayoweza bado kufanya, au kwa kuwa wao ni watu wa Mungu? Linganisha na Walawi 19:32.

2. Mwalimu alikuwa mwangalifu sana kuhusu Sabato, na bado aliiba maji. Inawezekanaje mtu akashika amri moja kwa bidii huku akimkosea jirani? Tujilindeje?

3. Mzee jirani alijua, akanyamaza, akangoja. Je, alifanya vema? Ni wakati gani tunapaswa kumngoja aliyetukosea, na ni wakati gani tunapaswa kumwendea (Mathayo 18:15)?

4. Darasa lenu laweza kufanya nini mwezi huu kwa ajili ya mzee aliye peke yake, bila kumfanya ajione mzigo? Fikirini jambo mnaloweza kufanya pamoja naye, si kwa ajili yake tu.

5. Urafiki na jirani ambaye huenda asijiunge kamwe na imani yetu una thamani gani mbele za Mungu? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.